Zimwi Likujualo: Umbo, Lugha na Upatanisho wa Kisarufi katika Ubunifu wa Viumbe wa Sayari Nyingine kwenye Tamthiliya za Runinga, 1963–2005

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ubunifu wa viumbe wa sayari nyingine wasio na umbo la binadamu katika tamthiliya za runinga za kisayansi zilizotayarishwa Uingereza, Marekani na Australia kati ya mwaka 1963 na 2005. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ni jambo gani lilimwezesha mtazamaji kumsadiki kiumbe asiye na uso, mikono wala miguu kama yake? Kwa kuwafuatilia Dalek wa Doctor Who, Horta wa Star Trek, Kosh wa Babylon 5 na Pilot wa Farscape, makala yanaonesha kwamba usadikifu haukuletwa na ugeni wa umbo peke yake wala na ukubwa wa bajeti. Uliletwa na uwiano baina ya umbo, mazingira na lugha, na ulikamilishwa na namna wahusika binadamu walivyomtaja na kumsemesha kiumbe. Makala yanautumia mfumo wa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili kuufafanua uwiano huo, na yanahitimisha kwamba mwandishi au mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua hadhi ya kiumbe wake tangu kitenzi cha kwanza.

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" hutumiwa kueleza kwamba anayekufahamu, hata akikudhuru, hukubakiza. Nyuma ya maana hiyo umo mvutano wa kisarufi unaostahili kuangaliwa. Zimwi la methali hii linajua, na kujua ni tendo la mwenye akili. Hata hivyo, vitenzi vyote vitatu vimepatanishwa kwa kiambishi li-, ambacho ni kiambishi cha jiwe, jani na gari, badala ya a- ambacho ni cha mtu na mnyama. Kwa maneno mengine, methali inamkiri kiumbe mwenye ujuzi na papo hapo inamweka nje ya jamii ya wenye uhai. Mvutano huohuo, katika lugha na vyombo vingine, ndio uliowakabili wabunifu wa tamthiliya za kisayansi za runinga kila walipotaka kumleta mbele ya watazamaji kiumbe mwenye akili asiyefanana na binadamu.

Dhana mbili zinahitaji kubainishwa mapema. Kwanza, umbo la binadamu linachukuliwa hapa kuwa ni kiwiliwili kilichosimama wima, chenye kichwa juu, macho mawili mbele, mikono miwili na miguu miwili. Pili, usadikifu hauna maana kwamba mtazamaji anaamini kuwa kiumbe huyo yupo kweli. Maana yake ni kwamba, kwa kuzingatia alichooneshwa, mtazamaji anakubali kuwa kiumbe wa namna hiyo angeweza kuishi mahali hapo na kutaka anachokitaka. Shaaban Robert aliuingiza mzizi wa neno hili katika jina la nchi yake ya angani, Kusadikika (1951), na Katama Mkangi akawapeleka wasomaji wake kwenye ulimwengu mwingine katika Walenisi (1995), jina ambalo likitenganishwa husomeka "wale ni sisi". Katika kazi zote mbili wakazi wa huko ni watu, kwa sababu lengo ni kuikosoa jamii ya hapa chini. Swali la kiumbe ambaye si sisi kwa umbo, lakini anafikiri, lilipata uwanja mpana zaidi kwingine, na kwa kiasi kikubwa katika runinga.

Runinga ilikuwa na vikwazo vyake. Mwigizaji ana miguu miwili. Kipindi hutakiwa kila wiki, fedha ni chache na studio ina sakafu moja. Zaidi ya hayo, jicho la mtazamaji hutafuta uso, na likiukosa hukosa pa kusoma nia na hisia. Historia inayofuata ni historia ya namna vikwazo hivyo vilivyokabiliwa.

2.0 Mizizi katika Maandishi

Kabla ya runinga, kazi hii ilifanywa na kalamu. H. G. Wells, katika The War of the Worlds, iliyotolewa gazetini mwaka 1897 na kuwa kitabu mwaka 1898, aliwachora wakazi wa Mirihi kama vichwa vikubwa vyenye minyiri kumi na sita iliyozunguka mdomo. Umbo hilo lilikuwa na sababu: Wells, aliyesomea biolojia, alikisia kwamba ukuaji wa ubongo na utegemezi wa mashine vingeufanya mwili mwingine udhoofike. Udhaifu wa viumbe hao chini ya mvutano mkubwa wa dunia, na kifo chao kwa bakteria ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yao, vilifuata mantiki hiyohiyo. Kwa hiyo, umbo lilibeba historia ya kiumbe na likatabiri mwisho wake.

Mwaka 1926 mwanabiolojia J. B. S. Haldane alichapisha insha kuhusu ukubwa unaowafaa viumbe, ambayo iliwapa wabunifu kipimo kigumu. Jitu lenye urefu mara 10 ya mtu, likiwa na uwiano uleule wa mwili, lina uzito mara 1,000, lakini eneo la mkato wa mifupa yake huongezeka mara 100 tu. Kila sehemu ya mfupa ingebeba mzigo mara kumi, na paja lingevunjika katika hatua ya kwanza. Buibui mkubwa kama nyumba, kwa mujibu wa hesabu hiyo, hasadikiki hata akichorwa kwa ustadi gani.

Hatua muhimu zaidi kwa mjadala huu ilikuwa hadithi fupi ya Stanley Weinbaum, "A Martian Odyssey", ya mwaka 1934. Humo yumo Tweel, anayefanana kwa mbali na ndege, ambaye akili yake haitiliwi shaka ingawa lugha yake haijifunziki: mtu wa dunia anashindwa kabisa kuifuata, huku Tweel akiokota maneno machache ya mgeni wake na kuyaunganisha kueleza mambo magumu. Yumo pia kiumbe wa silika anayetoa tofali moja kila baada ya dakika kumi na kujizungushia piramidi, bila kumjali yeyote. Weinbaum alitenganisha mambo mawili ambayo waliomtangulia waliyachanganya, yaani ugeni wa mwili na ugeni wa fikra, na alionesha kwamba la pili ndilo linaloudumisha wa kwanza.

3.0 Dalek: Kasoro ya Studio Kufanywa Historia ya Kiumbe

Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilianza kuonesha Doctor Who tarehe 23 Novemba 1963. Sydney Newman, mkuu wa idara ya drama, hakutaka madude yenye macho ya kutumbuka. Hata hivyo, hadithi ya pili ya mfululizo huo, iliyoandikwa na Terry Nation na kuanza kuoneshwa tarehe 21 Desemba 1963, ilimleta Dalek, na ndiye aliyeupa mfululizo umaarufu wake.

Nation alihitaji kiumbe asiyedhihirisha mwili wa mtu. Mbunifu wa BBC, Raymond Cusick, alianzia kwenye kiti: mwigizaji angeketi ndani ya gamba na kulisukuma kwa miguu yake iliyofichwa. Kutokana na mtu aliyeketi likapatikana umbo la pia, pana chini na jembamba juu, lenye jicho moja kwenye mhimili, silaha moja, na mkono mmoja unaoishia kwenye kikombe cha mpira kama kile cha kuzibulia sinki. Miguu haikuonekana, na pamoja nayo ukatoweka mwendo ambao kwa kawaida humfichua binadamu aliyevaa maleba.

Lakini gamba la magurudumu lilihitaji sakafu laini. Hapa ndipo ubunifu wa hadithi ulipokutana na ubunifu wa umbo. Katika hadithi hiyo ya kwanza, Dalek wanapata nguvu kutoka kwenye umeme tuli wa sakafu za chuma za mji wao, na hawawezi kutoka nje ya mji huo. Wafungwa wao wanampumbaza mmoja kwa kumsukumia juu ya joho linalomtenga na sakafu. Magamba yenyewe yanaelezwa kuwa ni mabaki ya vita vya nyuklia: waliomo ndani ni kizazi kilichoharibika, na mionzi iliyowaharibu sasa ndiyo inayowaweka hai. Kila kasoro ya studio ikawa tukio katika historia ya viumbe hao. Mtazamaji hakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini hawapandi ngazi, kwa kuwa alikuwa ameshaelezwa kwa nini hawatoki.

Lugha nayo ilibuniwa kwa mkabala huohuo. Sauti za waigizaji zilipitishwa katika kifaa kilichozichanganya na mawimbi ya umeme, silabi zikatolewa moja moja, na kiimbo kikapunguzwa hadi kukaribia mstari ulionyooka. Kwa vile Dalek hawana midomo, na mara nyingi kadhaa husimama pamoja, taa mbili juu ya kichwa ziliwaka kwa kufuata silabi ili mtazamaji amtambue msemaji. Kwa istilahi za uchanganuzi wa mazungumzo, taa hizo zilifanya kazi ya kuonesha zamu ya usemaji, kazi ambayo kwa binadamu hufanywa na uso. Mbunifu aliuondoa uso, lakini kazi yake ilibaki na ikahitaji chombo kingine.

Swali moja halikujibiwa. Mtazamaji alikutana na chombo, na mwenye chombo alidokezwa tu kwa kucha iliyochomoza chini ya joho. Dalek alisadikika kama tishio, kwa sababu tishio halihitaji kufahamiana.

4.0 Horta: Maneno Matatu Juu ya Mwamba

Star Trek ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 kwa kipindi "The Man Trap", na Kiswahili kilikuwamo. Afisa wa mawasiliano, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina lililotokana na neno "uhuru". Katika kipindi hicho kiumbe anayeishi kwa kufyonza chumvi ya miili hujigeuza kuwa yule ambaye windo lake linamtamani. Kwa Uhura anajitokeza kama mwanamume mweusi, na anamsemesha kwa maneno ya Kiswahili. Lugha hapa ni sehemu ya maleba: mgeni kabisa anavaa sauti ya nyumbani ili aaminiwe. Umbo lake halisi, linalofichuliwa mwishoni, lina miguu miwili na mikono miwili kama ya mwigizaji aliyemo ndani.

Miezi sita baadaye mfululizo huohuo uliigeuza hali hiyo. Katika "The Devil in the Dark", iliyoandikwa na Gene L. Coon na kuoneshwa tarehe 9 Machi 1967, wachimbaji wa madini wanauawa na kitu kinachopita ndani ya mwamba kana kwamba ni hewa. Horta, kama anavyokuja kuitwa, anaonekana kama lundo la mawe yaliyoyeyuka na kuganda. Janos Prohaska, fundi wa viumbe na mwigizaji wa maleba ya ajabu, alitambaa ndani ya vazi alilolitengeneza mwenyewe. Kwa kutambaa aliondoa usimamo wima, na kwa kutokuwa na sehemu ya mbele inayobainika aliondoa uso.

Usadikifu wa Horta umejengwa juu ya mnyororo wa sababu. Mwili wake unatokana na silikoni, si kaboni, kwa hiyo mwamba ni makao na chakula chake. Hutoboa njia kwa asidi, na kwa asidi hiyohiyo huua. Kila baada ya miaka 50,000 jamii yake yote hufa isipokuwa mmoja anayebaki kuyalinda mayai. Mayai hayo ndiyo mawe ya mviringo ambayo wachimbaji wameyakuta kwa maelfu, wakayaona hayana thamani na kuyavunja. Mauaji yaliyoonekana kuwa ya kinyama yanageuka kuwa ya mzazi anayekilinda kizazi chake. Ukikitoa kiungo kimoja katika mnyororo huo, vingine vyote vinalegea.

Kilele cha kipindi ni tukio la lugha. Baada ya Spock kuunganisha fikra zao kwa muda mfupi, Horta anasogea mbele na kuunguza juu ya jiwe maneno matatu ya Kiingereza: neno la kukanusha, kitenzi chenye maana ya kuua, na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza katika umbo la kiima. Wahusika wenyewe wanajiuliza kama hilo ni ombi la kutouawa au ahadi ya kutoua. Katika orodha ya sifa bainifu za lugha ya binadamu iliyotolewa na Charles Hockett (1960), mkondo wa sauti na sikio, pamoja na kutoweka haraka kwa ujumbe, zimo miongoni mwa sifa za mwanzo. Horta anazikiuka zote mbili. Mkondo wake ni ule ambao mwili wake unauweza, yaani asidi na mwamba, na ujumbe wake haufutiki. Hata hivyo ni lugha, kwa maana una msemaji, una mlengwa, na unaweza kueleweka vibaya. Uwezekano huo wa kueleweka vibaya ndio unaousadikisha, kwa sababu anayeijua lugha kwa dakika chache tu hawezi kuisema kwa ufasaha.

Mfasiri wa Kiswahili anayeyafikia maneno hayo matatu hukwama. Sarufi ya kitenzi cha Kiswahili sanifu hairuhusu utata huo. "Usiniue" ina kiambishi cha mtenda u- na cha mtendwa -ni-, na ni ombi; "sitaua" ina nafsi ya msemaji, na ni ahadi. Atakayechagua moja ameifuta hoja ya tukio zima. Njia iliyo karibu ni kuvunja sarufi, na Kiswahili kina kielelezo cha kihistoria cha kuvunjika huko. Kisetla, Kiswahili kilichorahisishwa kilichotumiwa na walowezi wa Kizungu wa Kenya ya kikoloni kwa wafanyakazi wao, kilitumia "hapana" mbele ya kitenzi kisicho na viambishi vya nafsi. "Hapana ua mimi" inaulinda utata wa maneno ya Horta karibu kikamilifu.

Ulinganisho huu hauishii kwenye sarufi. Katika historia ya Kisetla, upungufu wa lugha ulikuwa wa mwenye amri, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa watu bila kujifunza kuwasemesha ipasavyo. Katika kipindi hiki pia, aliyekuwapo kwanza ni Horta. Waliokuja kuchimba ndio wageni. Kwamba yeye ndiye anayelazimika kujikwaa katika lugha yao, na siyo wao katika yake, ni jambo ambalo kipindi chenyewe hakilisemi, lakini tafsiri ya Kiswahili ingelifichua.

5.0 Sura za Watu, Fikra za Wageni

Tamthiliya zilizofuata ziliegemea zaidi kwenye paji la uso. Star Trek: The Next Generation (1987–1994) ilizalisha jamii nyingi zinazotofautiana kwa matuta ya paji, masikio na pua, kwa kuwa mwigizaji alihitaji mdomo na macho yake ili aigize. Ufanano huo ulizidi kiasi cha kudai maelezo, na mwaka 1993 kipindi "The Chase" kiliyatoa: viumbe wa kale wenye umbo la binadamu walikuwa wamepanda mbegu zao za urithi katika sayari nyingi. Yalikuwa maelezo ya baada ya tukio, tofauti na sakafu za Dalek, ambazo zilikuwa sehemu ya hadithi tangu mwanzo.

Ugeni uliofukuzwa mwilini ulirudi katika lugha. "Darmok" ya mwaka 1991 ilileta jamii yenye umbo la watu ambayo huzungumza kwa kurejelea visa vya masimulizi yake pekee. Kila neno linafasirika, lakini asiyevijua visa haelewi chochote, hali isiyo ngeni kwa yeyote aliyewahi kumfundisha mgeni mafumbo na methali za Kiswahili. Babylon 5 (1993–1998) ilichukua njia ya kati. Balozi Kosh alifichwa ndani ya vazi kubwa lisilo na uso, sauti yake ikiwa ni miziki hafifu inayoambatana na kauli fupi zisizojibu swali lililoulizwa. Mwaka 1995 alipotoka katika vazi lake, kila jamii iliona malaika wa mapokeo yake. Kwa hiyo hata pale pazia lilipoondolewa, watazamaji waliona walicholetewa na wao wenyewe. Mfululizo huohuo ulikuwa pia na kiongozi wa wahalifu mwenye umbo la vunjajungu; huyu hakudumu zaidi ya msimu wa kwanza. Umbo lake lilikuwa geni kuliko la Kosh, lakini hakuwa na haja wala usemi uliotokana na umbo hilo.

6.0 Kikaragosi na Kompyuta

Farscape (1999–2003), iliyopigwa picha Australia kwa ushirikiano na kampuni ya Jim Henson, iliwarudisha vikaragosi mbele ya kamera kama wahusika wakuu. Pilot ana kichwa kama gamba la kaa, mikono minne, na kiwiliwili kilichoungwa moja kwa moja na Moya, chombo cha anga ambacho chenyewe ni kiumbe hai. Aliendeshwa na mafundi kadhaa kwa pamoja, na sauti yake ilitolewa na Lani Tupu. Kwa kuwa alikuwapo ukumbini kweli, waigizaji walimtazama, walimgusa na walisubiri jibu lake.

Hapa tena kikwazo kilifanywa maumbile. Kikaragosi kikubwa namna hiyo hakiwezi kutembea. Basi Pilot hatembei, kwa sababu ameunganishwa na Moya na hawezi kutengwa naye. Kipindi "DNA Mad Scientist" cha mwaka 1999 kiliutumia mwili huo kwa ukali. Wenzake watatu wanamkata mkono mmoja ili waulipie ramani za kurudi kwao. Mkono utaota tena, na Pilot anakubali yaliyotokea, kwani jamii yake hujitoa kukitumikia chombo kwanza, kisha abiria wake. Kinachomshtua mtazamaji ni wepesi wa wenzake: kwa dakika chache walimtendea msemaji kama kifaa. Mwili wa ajabu ulitumika kupima mipaka ya utu wa wenye miili ya kawaida.

Kompyuta ilipokomaa, vikwazo vya vazi na sakafu vilitoweka karibu vyote. Alien Planet ya mwaka 2005, iliyotokana na kitabu cha mchoraji Wayne Barlowe, Expedition (1990), iliwaonesha wanyama wa sayari ya kubuni, Darwin IV, ambao wengi hawana macho na hujiongoza kwa mwangwi. Hakuna binadamu ndani ya vazi, na hesabu za Haldane zimezingatiwa kwa kuwa mvutano wa sayari hiyo ni mdogo. Viumbe hawa wanasadikika kama wanyama wa mbugani wanavyosadikika katika filamu ya maisha ya porini, yaani kwa kutazamwa kutoka mbali. Uhuru wa umbo ulipatikana, lakini swali la kumsemesha kiumbe lilibaki palepale alipoliacha Horta.

7.0 Upatanisho kama Sehemu ya Ubunifu

Katika "The Devil in the Dark" Kiingereza kina mabadiliko ya kiwakilishi ambayo mtazamaji huyahisi hata asipoyataja. Wachimbaji wanamtaja muuaji kwa kiwakilishi cha vitu na wanyama. Baada ya mayai kutambuliwa, nahodha Kirk anamtaja kwa kiwakilishi cha mwanamke. Hukumu ya hadithi nzima imo katika badiliko hilo.

Kiswahili hakina jinsi katika viwakilishi vyake, lakini kina mpaka mwingine. Nomino ya mwenye uhai, iwe katika ngeli gani kimaumbo, kwa kawaida huchukua upatanisho wa a-/wa-: kiboko anaogelea, kipofu amefika, jogoo anawika. Mpaka huo haulingani na uhai wa kibiolojia. Mti ni hai, lakini unakua, uyoga unaota. Wala haulingani na akili, kwa kuwa chawa naye anauma. Unachokipa a- Kiswahili ni kile kinachojiendesha kwa nafsi yake. Walio mpakani ndio hutikisika: jini amemwingia mtu, lakini mzuka umemtokea, zimwi katika ngano huweza kupata a- au li-, roboti huweza kuwa imesimama au amesimama. Dude ni li- daima, maana kuliita dude ni kukataa kulijua.

Matokeo yake kwa Horta ni dhahiri. Mfasiri akimwita "kiumbe" au "mnyama" tangu mwanzo, upatanisho wa a- utamtangulizia nafsi kabla wachimbaji hawajaigundua, na mgeuko wa hadithi utapotea. Akimwita "dude", wachimbaji watasema limeua, na siku Kirk atakaposema ameua, badiliko la silabi moja litafanya kazi yote ya kiwakilishi cha Kiingereza, na pengine zaidi. Kiingereza kinatoka kwenye kitu hadi mama. Kiswahili kingetoka kwenye kisichojulikana hadi chenye nafsi. Kwa Dalek uamuzi ni mgumu zaidi, kwani gamba limesimama ilhali aliyemo amesimama, na kila sentensi humlazimu msemaji achague anayemwona. Kwa Pilot uamuzi wa kisarufi ni rahisi, rubani ni a-, na ndiyo maana kisu cha wenzake kinaumiza: walijua upatanisho na wakauvunja kwa vitendo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba viumbe waliodumu katika kumbukumbu za watazamaji hawakuwa lazima wageni zaidi kwa umbo wala ghali zaidi kwa utengenezaji. Walikuwa wale ambao umbo lao lilieleza makao yao, makao yakaeleza haja zao, na haja zikapata njia ya kusemwa. Sakafu laini ya studio, vazi la kutambaa na kikaragosi kisichotembea vilikuwa upungufu wa fedha na vifaa. Vilipokubaliwa kuwa ukweli wa maisha ya kiumbe, vilizaa usadikifu ambao kompyuta peke yake haikuuleta.

Kwa waandishi na wafasiri wa Kiswahili, fundisho la ziada ni kwamba lugha yao imeiweka sehemu ya ubunifu huu ndani ya kitenzi. Haiwezekani kumtaja kiumbe kutenda jambo bila kuamua kama lina- au ana-. Uamuzi huo ukiachiwa mazoea, kiumbe atakuwa mnyama wa kawaida mwenye sura ya ajabu. Ukifanywa kwa kukusudia, na ukacheleweshwa hadi mahali pake katika hadithi, msomaji atakiona kitu kikivuka mpaka na kuwa mwenye nafsi. Methali iliyotajwa mwanzoni ililiacha zimwi upande wa pili wa mpaka huo, ingawa ilikiri kwamba linajua. Horta, kwa maneno matatu yaliyounguzwa juu ya mwamba, aliuvuka, na aliyepaswa kubadili sarufi yake alikuwa binadamu.